Jenereta la Mavuno na Mayai ya Dada Ruthi

Jumapili, saa tisa alasiri. Manyunyu tangu alfajiri, Meru imejifunika blanketi hadi kiunoni, na mimi nimekaa barazani kwangu hapa Usa River na mgongo unaouma kama nimebeba mlima wenyewe.

Na kwa kweli nimebeba kitu kinachoukaribia.

Shajara yangu ya hapa mtandaoni, wiki tatu sijakuandikia. Usidhani nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa na shughuli ya chuma, moshi na mafuta, shughuli ambayo ningeifanyia Ulaya wangenichongea sanamu. Mimi Elisante, darasa la saba la zamani (na la saba lenyewe nililisomea dirishani zaidi kuliko ubaoni), nimefufua jenereta lililolala miaka tisa, nikalivisha na magurudumu. Uzito wake kilo mia nne na ushee, ndivyo kibati chake kinavyosema. Mimi nikiulizwa barabarani nasema tani moja. Kibati hakijawahi kulisukuma.

Ngoja nianze mwanzo kabisa, maana habari ikianzia katikati watu wanasema unadanganya.

Kwetu ibada ya mavuno ikiisha hatutawanyiki. Kila mtu ameleta alichonacho: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, jogoo, kibuyu cha maziwa. Vyote vinanadiwa pale uwanjani mbele ya kanisa, kinachopatikana kinaingia kazi ya Bwana. Sasa kuna utaratibu wetu mmoja mtamu sana. Mtu mwenye moyo, au anayetaka aonekane ana moyo, ananunua kitu halafu anakirudisha hapo hapo: "Narudisha kwa Bwana, kinadiwe tena!" Makofi, vigelegele, kitu kinauzwa mara ya pili, ya tatu. Nimewahi kuona yai moja likinunuliwa mara kumi na moja. Lilipofika kwa mlaji lilikuwa limechoka.

Mwaka huu shamba moja la maua lilitoa jenereta lao la akiba. Walilinunua zamani, wakaliweka chini ya turubai kungojea siku ya shida, siku ya shida haikufika, mwishowe wakapata jipya. Trekta yao ikalileta, wakalishusha kando ya mnara wa kengele, wakaondoka haraka. Haraka ile peke yake ilitosha kuwa somo, lakini mimi nilikuwa naangalia kwingine.

Nilikuwa namwangalia shemeji yangu Zakayo. Huyu ni kaka wa mke wangu, Mchaga wa duka la vifaa vya ujenzi, mtu ambaye hata salamu anaipima kwa futi. Ndiye aliyeanza kutaja bei. Nikapandisha. Akapandisha. Akaniangalia, nikamwangalia, na kinamama wa kwaya wanatuangalia wote wawili. Nikataja bei ambayo mimi mwenyewe nilishangaa ikitoka kinywani mwangu. Zakayo akakunja mikono.

"Mwachieni shemeji," akasema.

Nikanyoosha mkono juu kama nabii. "Narudisha kwa Bwana! Linadiwe tena!"

Makofi yale! Vigelegele vile!

Mnadishaji akaita mara ya kwanza. Akaita mara ya pili. Mtu mmoja nyuma akakohoa, mnadishaji akamgeukia kwa matumaini, kumbe ni kikohozi cha kweli.

Hakuna aliyelitaka. Mwinjilisti wetu akaja akanishika bega kwa upole, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. "Baba Upendo, Bwana amelipokea, na amekurudishia. Ila uwanja tutauhitaji."

Zakayo akapita na mkungu wake wa ndizi begani. "Hongera, shemeji. Umejinunulia jiwe la kaburi mapema."

Siku hiyo sikula. Mke wangu aliniuliza kama naumwa, nikasema nafunga.

Lakini Jumatatu nilirudi pale kanisani peke yangu, nikavuta turubai, nikaliangalia vizuri. Shajara, lilikuwa zuri. Sisemi kwa sababu ni langu. Rangi ya kijani iliyokolea kama jani la mgomba baada ya mvua. Silinda mbili zimesimama pamoja kama mapacha kwenye picha ya ubatizo. Gurudumu la chuma la pembeni, zito kama jiwe la kusagia, na kila nati imekaa mahali pake kama herufi kwenye Biblia. Waliochonga chuma kile hawakuwa na haraka. Nilipitisha kiganja juu yake, nikajisikia aibu kwamba jana yake nililiona kama adhabu.

Dada Ruthi alinikuta hapo hapo.

Dada Ruthi ni mkubwa wangu. Ndiye aliyenifundisha kusoma kwa kuandika herufi kwenye majivu ya jiko, maana mwalimu alikuwa ameshakata tamaa. Mume wake alitutoka zamani, na nyumba yake ipo juu ya kanisa, kilima kimoja tu cha udongo mweusi. Aliliangalia jenereta, akaniangalia mimi, hakucheka. Akasema jambo ambalo hakuna mtu alikuwa analijua.

Jumamosi, siku moja kabla ya mnada, alikuwa ameingiza mayai mia nne kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Mashine yake mwenyewe, mpya. Ili aipate alimuuza Sikitu, ng'ombe wake wa maziwa, ng'ombe pekee. Vifaranga wote walishaagizwa na watu wa huku na kule hadi Themi.

"Mdogo wangu, ni siku ishirini na moja," akasema. "Umeme ukinichezea hasa zile za mwisho, wanakufa humo humo ndani ya yai. Na mimi ng'ombe sina tena."

Nikajibu kwa kifua mbele: "Dada, una wasiwasi wa nini? Una jenereta."

Nakiri hapa. Nilipokuwa nasema hayo, lile jenereta halikuwa linazunguka hata kwa hendeli, kile chuma cha kuzungushia kwa mkono. Pistoni zilikuwa zimeganda, tangi limejaa maji na utelezi kama mlenda, na bomba la moshi lilikuwa mji mkuu wa nyigu. Lakini nilishatamka, na dada alishashusha pumzi. Ukishamwona mtu ameshusha pumzi kwa ajili ya neno lako, utafanyaje? Utamwambia aipandishe tena?

Ndipo nikavua shati.

Nyigu walikuwa elfu tatu. Sikuwahesabu, wao ndio walionihesabu. Nikamwaga uchafu wa tangi, nikaosha nozeli za kupulizia mafuta kwa dizeli safi, nikamimina mafuta ndani ya silinda na kuziacha ziloweke siku mbili. Kila anayepita uwanjani kwenda mazoezi ya kwaya alinipa ushauri. Mmoja alisema nichemshe maji. Mwingine alisema niliuze chuma chakavu. Bibi mmoja alilinyunyizia maziwa kwa majani kulibariki, akasema halitadhuru. Siku ya tatu nikashika hendeli nikaegemea kwa uzito wangu wote, na ndani kabisa ya tumbo la chuma kitu kikasema *krrk*.

Likageuka nusu mzunguko.

Nilipiga kelele mpaka mwinjilisti akatoka ofisini bila viatu.

Kutoka hapo ni kazi ya subira. Kutoa upepo kwenye bomba la mafuta, kufunga, kuzungusha, kufungua tena. Mara ya kwanza lilipotaka kuwaka, hendeli ilinirudi, ikanirusha hadi kwenye migomba ya mwinjilisti. Wapo wanaosema ni hatua tatu. Mimi nilikuwa hewani, najua umbali. Mara ya pili likawaka kweli. Moshi mweupe, halafu mweusi, halafu ule mwembamba wa bluu wa mashine yenye afya. Kengele ya kanisa ilikuwa inatetemeka yenyewe juu ya mnara. Watu wakakusanyika, na Zakayo akaja na aproni yake ya dukani.

Nikachomeka balbu kwa madaha yote.

Haikuwaka.

Nikabadilisha balbu. Haikuwaka. Injini inanguruma kama simba, umeme hakuna hata wa kuwashia kibatari. Zakayo akasogea sikioni kwangu. "Shemeji, hongera. Sasa ni jiwe la kaburi linalopiga kelele."

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye kwa ajili yake hasa nimekaa kuandika leo. Anaitwa Mama Tumsifu. Ni fundi wa kusuka upya nyaya za mota, kijiwe chake kiko Sombetini, na nilimpata kwa kuulizia watu wa mashine za kusaga, maana mota zao zikiungua zinapelekwa kwake. Alikuja na bodaboda. Mwanamke mfupi, kilemba cha kitenge, bisibisi imechomekwa juu ya sikio kama kalamu ya karani. Alifungua mfuniko wa nyuma, akatoa kiota kizima cha panya, akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, akaamuru pale nyuma pakae wazi juani siku mbili. Siku mbili zilipopita akarudi.

"Limelala miaka mingapi?" akaniuliza.

"Tisa."

"Basi halijafa, Baba Upendo. Limesahau."

"Limesahau nini?"

"Sumaku. Nyumbani kwako mkinywa maziwa mgando, si mnabakiza kidogo kwenye kibuyu ili ya kesho yagande? Na hili ni hivyo hivyo. Linabakiza sumaku kidogo kwenye chuma, ndiyo ya kuanzia kesho yake. Likilala sana, kibuyu kinakauka."

Akamgeukia kijana wa bodaboda akamwambia afungue betri ya pikipiki.

"Mama, sasa mimi nitarudije?"

"Utarudi na betri yako. Kwani mimi naila?"

Nikawasha injini. Mama Tumsifu akashika waya mbili za betri, akazigusisha nyuma huko kwenye brashi zinazopitisha umeme kwa muda wa kufumba jicho. Cheche moja. Ile balbu ikawa nyekundu kama kaa la moto, ikawa ya njano, halafu ikawa nyeupe, nyeupe ya kuumiza macho, mchana kweupe.

Nimeona mambo mengi. Nimeona mvua ya mawe ikipasua bati, nimeona tembo akivuka barabara ya lami kama mzee anayekwenda dukani. Sijaona kitu kizuri kama mwanamke yule akichomeka bisibisi yake juu ya sikio baada ya cheche moja.

Na hapa pana kukiri kwingine. Watu waliokuja jioni ile kuona taa niliwaambia nimelikumbusha mimi. Sikumtaja. Naandika hapa ijulikane kwa kila mwenye simu: aliyeliamsha ni Mama Tumsifu wa Sombetini. Mimi nilimshikia tochi, na tochi yenyewe nilimulika pembeni.

Likabaki jambo la kulihamisha. Jenereta lipo kanisani chini, mayai yapo kilimani juu. Watu kumi na wawili walijaribu kulinyanyua, likanyanyuka upande mmoja kwa adabu, likarudi chini. Nikasema basi, litatembea. Zakayo, Mungu ambariki na ulimi wake, akanipa eksile ya nyuma ya pikapu yake iliyokufa, pamoja na tairi zake. Mimi nilitaka kuichomelea katikati, kwa macho. Macho yangu hayana mpinzani. Mama Tumsifu akasema hapana. Akatulazimisha tulipandishe kwa jeki ya lori juu ya bomba moja, tulisogeze mbele na nyuma mpaka likae sawa kama mizani, tupige alama ya chaki. "Eksile iwe nyuma kidogo ya chaki," akasema, "ili uzito ulalie mkono wa kuvutia. La sivyo litanyanyua pua lianguke chali."

Kuchomelea najua, hilo silidanganyi hata kidogo. Na sikilizeni uzuri huu: mashine ya kuchomelea tuliiunga kwenye jenereta lenyewe. Yaani lilikuwa linanguruma na kutetemeka huku linajichomelea miguu yake. Mtoto gani wa mtu amewahi kujizalia miguu?

Mama Tumsifu akaniambia jambo la mwisho kabla hajapanda bodaboda. "Weka na miguu minne ya kushusha chini, kama ya tela. Likiwa kwenye tairi lisiwashwe hivi hivi."

"Mama Tumsifu," nikasema, "tani moja hii itaenda wapi?"

Aliniangalia. "Haya," akasema.

Jumatatu iliyopita gari la matangazo likapita: Ijumaa umeme hautakuwepo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, wanabadilisha nguzo. Ijumaa! Siku ya ishirini ya mayai! Vijenereta vidogo vya kukodi vilikwisha siku hiyo hiyo, wenye mabucha na wenye saluni waliviwahi. Dada Ruthi hakunipigia simu. Alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya lile jenereta, akagusa tairi moja kwa ncha ya kiatu.

"Litafika, Elisante?"

Ananiita Elisante anapoogopa. Siku nyingine ni mdogo wangu.

"Litafika," nikasema.

Ijumaa mvua ilikuwa imenyesha. Zakayo alikuja na pikapu yake nzima, akajaza tairi upepo mpaka ukizigonga zinalia kama ngoma. "Shemeji, likifika juu nitakuita mhandisi," akasema. Akalifunga, akavuta, na kwenye kona ya kwanza ya udongo mweusi pikapu ikaanza kuteleza kama sabuni bafuni. Ikavuta mbele hatua moja, ikarudi mbili. Saa mbili ikapiga. Tukaona taa ya ofisi ya mwinjilisti ikizimika.

Sasa ile siku jumuiya yetu ilikuwa na sala ya asubuhi nyumba ya jirani. Watu kama thelathini hivi wanatoka, Biblia kwapani, wananikuta mimi na tani yangu barabarani. Hakuna aliyeuliza. Mwinjilisti akakunja suruali. Kinamama wakafunga kanga viunoni. Kamba ya katani ikatoka kwenye zizi la mtu. Wakaanzisha wimbo wa tenzi, ule wa taratibu, na kila penye pumzi ya wimbo tunavuta. Bibi yule wa maziwa alishika ncha kabisa ya kamba kwa vidole viwili.

"Bibi, unavuta kweli?" Zakayo akamuuliza.

"Wewe vuta kwa mikono, mwanangu. Mimi navuta kwa sala. Tuone nani atachoka."

Lilipanda. Shajara, lilipanda kile kilima kama bibi harusi anavyoingia kanisani, hatua, kusimama, hatua. Matope mpaka magotini, na lile jenereta la kijani linayumba katikati ya watu, na eksile haikulia hata mara moja. Chaki ya Mama Tumsifu haikukosea hata kidole.

Saa tatu kasorobo tulikuwa uani kwa dada. Alikuwa ameifunika mashine ya mayai kwa mablanketi yote ya nyumba, hata la kwake la harusi. Kipimajoto kilikuwa kinashuka. Nikashika hendeli. Mara ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Dada alikuwa amesimama mlangoni na mikono kichwani. Ya tatu likadaka, na ndani feni ya mashine ikaanza kuzunguka, na thelathini wale wakapiga kelele kuliko siku ya mnada.

Ndipo likaanza kutembea.

Taratibu. Kwa kutetemeka. Tairi zimejaa upepo, linarukaruka juu yake kama mtoto kwenye godoro, na kila likiruka linasogea nusu kidole kuteremka uani, kuelekea ukuta wa banda. Waya ulikuwa unaanza kukazika. Zakayo akaweka jiwe, jiwe likatoka. Akaweka mawili, likayapanda. Nikaruka nikaingia kati ya jenereta na ukuta, nikaweka mgongo ukutani, mabega kwenye fremu, nikalikataza.

Likakatazika.

"Zima, tulipange upya!" Zakayo akapiga kelele.

Nilikataa. Wote walidhani ni ubishi, na mimi nikawaacha wadhani. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kama ningelizima, ni nani aliyekuwa na hakika litawaka tena? Mimi sikuwa nayo. Mayai mia nne yalikuwa yananing'inia kwenye mlio ule.

Basi nikakaa. Saa tatu, saa nne, saa tano. Joto la injini upande mmoja, ubaridi wa tofali upande mwingine. Dada akaninywesha uji kwa kikombe kama mtoto. Zakayo akaja akainama sikioni kwangu. "Shemeji, sasa wewe ni kabari!" Akacheka peke yake. Nikadhani ataondoka afungue duka. Hakuondoka. Alivua koti, akaingia kwenye ule uwazi, akaweka bega lake kando ya langu. Miaka ishirini na minane tangu nioe kwao, hatujawahi kukaa pamoja muda mrefu namna ile bila kusemana. Kelele zilitukataza.

Saa nane Mama Tumsifu akaingia getini. Dada alikuwa amempigia simu asubuhi, akaja alipomaliza kazi ya watu. Alisimama, akatuangalia wanaume wawili wazima tumebanwa ukutani tumelowa jasho na masizi. Akainama, akachungulia tairi. Akapiga kelele ili tusikie:

"Kwani kwa nini hamkutoa upepo?"

Zakayo akaangalia tairi, mimi nikaangalia mawingu. Kuna maswali hayana jibu duniani.

Alituagiza tusogeze mawe bapa chini ya fremu. Akatoa ufunguo wa nyumba yake, akabonyeza pale katikati ya vali ya tairi. *Shhhh*. Akazunguka upande wa pili. *Shhhh*. Jenereta likashuka polepole, likalalia tumbo lake juu ya mawe kama ng'ombe anayecheua, likatulia tuli, likiendelea kunguruma kwa raha zake. Muda wa saa tano nzima za mgongo wangu, na dawa ilikuwa ufunguo.

Sikuona haya. Ajabu, eh? Mimi, niliyezaliwa na haya ya kushindwa. Nilimwangalia tu nikafikiri: huyu mtu angezaliwa mara mbili, dunia isingehitaji mafundi wengine.

Sikuondoka karibu yake ingawa sasa ningeweza. Nilikaa kwenye ndoo, sikio hatua moja kutoka bomba la moshi, nikilisikiliza mpaka saa kumi na moja na dakika kidogo, taa ya jirani ilipowaka. Nikavuta kamba ya kuzima. Injini ikahema mara tatu, ikanyamaza.

Dada Ruthi akafungua mlango wa chumba cha mashine. Akainama. Nikaona mabega yake yanatetemeka, nikajua vifaranga wamekufa. Akanigeukia, machozi hadi shingoni, na midomo yake ikacheza. Zakayo ndiye aliyenifokea sikioni alichosema: "Wanalia! Wanalia ndani ya mayai!"

Wakainama wote kusikiliza, Zakayo, Mama Tumsifu, bibi wa maziwa. Nyuso zao, shajara! Dada akanivuta shingo, akaweka sikio langu karibu kabisa na trei.

"Nasikia!" nikasema. "Wengi, dada! Wengi!"

Sikusikia kitu.

Masikio yangu yalikuwa yamejaa injini. Dunia nzima ilikuwa mvumo mmoja, vvvvv, kama nimeingia ndani ya mzinga. Nilitabasamu pale wanapotabasamu. Jana wakatotolewa, mia tatu na kitu, dada anawahesabu mara tatu tatu kwa furaha, na mimi nilisimama juu ya kijiji kile cha njano nikiona midomo midogo inafunguka na kujifunga kimya kimya. Leo kanisani dada alisimama kutoa shukrani, akanitaja, watu wakageuka, nikapunga mkono. Mahubiri yote niliyaona kwa macho. Nikaitikia Amina baada ya wengine.

Sikumwambia mtu. Ningemwambiaje dada kwamba sauti aliyoiuzia ng'ombe ndiyo sauti pekee ambayo sikuipata?

Lakini sasa hivi, nikiwa hapa naandika, nimenyanyua kichwa. Kuna kitu kinagonga juu yangu, chepesi, kingi. Nimekaa dakika nzima sikijui. Ni manyunyu. Ni manyunyu juu ya bati, nayasikia moja moja.

Wenye vifaranga wanakuja asubuhi na maboksi yao, wa Themi, wa kila mahali. Kesho ni yao. Leo bado wako kwa dada, na kilima ni kimoja tu. Naiweka simu mfukoni. Naenda kuwasikia.